Vyuma vya meno: mbona miaka miwili?

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Meno yake ya juu yamechomoza na chonge zimepanda juu ya wenzake. Daktari wa Dodoma mjini amesema ang'olewe magego mawili madogo, kisha avae vyuma kwa miezi 24. Tunaishi Kondoa, na nauli ya watu wawili kila mwezi inatuumiza. Je, hawezi kuvikaza zaidi amalize ndani ya mwaka mmoja?
*Mama, Kondoa*

JIBU: Pole na safari, mama. Muda huo ni wa kawaida kwa mtoto aliyeng'olewa meno ili kupata nafasi, na kukaza hakutaupunguza. Waya ukilisukuma jino, mfupa wa taya huliwa upande linakoelekea na hujengwa upya upande linakotoka. Mwendo wake ni takribani milimita 1 kwa mwezi. Nguvu ikizidi, damu haipiti kwenye nyuzi zinazoshika mzizi, jino hugoma kwa wiki kadhaa, na ncha ya mzizi inaweza kulika isirudi tena.

Hebu tupige hesabu. Miezi 4 hadi 8 ya mwanzo ni ya kunyoosha safu kwa waya mwembamba unaopindika. Pengo la gego dogo lina upana wa milimita 7 hivi, kwa hiyo kulifunga kwa waya mgumu na mnyororo wa mpira huchukua miezi 7 au 8, wakati mwingine zaidi. Baada ya hapo meno ya juu na ya chini hurekebishwa yaumane vizuri, kisha kila jino hunyooshwa kwa usahihi. Mtoto ambaye meno yamepishana kidogo tu, bila kung'olewa, anaweza kumaliza kwa miezi 12 au pungufu. Wa kwako hayuko kundi hilo.

Kuhusu nauli, mwulize daktari hivi: katika hatua ya waya mwembamba, anaweza kumwona kila baada ya wiki 6 hadi 8? Waya huo huendelea kusukuma muda wote huo. Mnyororo wa mpira ni tofauti, hulegea mapema, na hapo msiruke miadi.

Kinachorefusha miezi 24 ikawa 30 mara nyingi ni kubanduka kwa breketi, vile vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye meno kushika waya. Jino lake husimama au hurudi lilikotoka, na pengine daktari alazimike kurudia waya mwembamba. Ubuyu ndio adui mkubwa kwa watoto wa Dodoma: punje ni ngumu, sukari yake inanata na ukali wake unakula jino. Aache pia kuguguna muwa, mahindi ya kuchoma na mifupa ya mbuzi. Karanga zitwangwe, ziingie kwenye mboga. Breketi ikitoka, piga simu siku hiyohiyo, msingoje miadi. Waya ukichoma shavu, aweke nta ya vyuma, asiukate mwenyewe.

Akipewa vimpira vya kuvuta taya, avae saa 22 kwa siku, avivue wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Anayevivaa usiku peke yake hujikuta miezi inapita na meno hayajasogea.

Na tafadhali, bajeti yenu isiishie siku vyuma vinapotolewa. Nyuzi za ufizi huhitaji karibu mwaka kuzoea mahali papya. Bila ritena, yaani kifaa cha kushikilia meno mahali papya, kinachovaliwa kwanza mchana na usiku, kisha usiku tu, meno hurudi.

SWALI: Nina miaka 29, meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni kwa maji ya kisima. Nimechelewa kuvaa vyuma?
*Msomaji, Singida*

JIBU: Hujachelewa, ndugu. Kinachoangaliwa ni afya ya fizi na mfupa. Ugonjwa wa fizi utibiwe kwanza. Rangi hiyo kwa kawaida ni ya floridi, na tabaka la nje la jino la namna hiyo halishiki gundi vizuri. Mwambie daktari mapema, ili alikwaruze au arefushe muda wa tindikali inayopakwa jino ili gundi ishike, kabla ya kugandisha breketi. Hata hivyo zinaweza kubanduka mara nyingi zaidi, basi ongeza miezi kadhaa kwenye makadirio yako. Vyuma haviondoi rangi. Kung'arisha hufanyika baada ya kuvitoa.