Snomobili nje ya njia mwezi wa Aprili, Montana

Kaka umeuliza kama unaweza kutoka nje ya njia na snomobili (ile pikipiki ya theluji) kwenye msitu wa Flathead huko Montana, Marekani, wiki ya pili ya Aprili maana theluji bado ipo kibao. Theluji kuwepo si ruhusa bwana. Flathead sehemu nyingi zinafungwa kuanzia Aprili 1, zinabaki vipande vichache tu, sababu dubu wa grizli ndo wanaamka huo wakati, mama na watoto wanatoka shimoni wana njaa, sasa we unapita na limashine linanguruma juu ya pango lake, fikiria mwenyewe.

Cha kufanya chukua ramani ya snomobili ya huo msitu, ni ya bure, sheria ya 2015 imewabana Forest Service (shirika la misitu la serikali ya Marekani) waonyeshe wapi panaruhusiwa na tarehe zake. Kama eneo halijaandikwa limefunguliwa hesabu limefungwa, usisubiri kuona kibao porini maana saa nyingine kimefukiwa na theluji au hakipo kabisa. Ipakue kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, huko juu netiweki hamna. Na maeneo ya wilderness, yaani pori lililohifadhiwa kisheria, hata Januari huingii na injini.

Usifuate alama za wenzako pia, mi nilifuata mstari wa mtu mwaka juzi nikajikuta ndani ya eneo la kulungu limefungwa, nikageuza mkia mbio. Ofisi ya msitu wapigie asubuhi hiyohiyo, wanajibu vizuri tu.