Mkuu, mzuie huyo fundi asikate mwarobaini usawa wa ardhi

Kama fundi hajafika, mpigie simu sasa hivi mwambie aache msumeno nyumbani. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema uko Buswelu, hapa hapa Mwanza, una mwarobaini karibu na ukuta, na fundi kakuahidi ataukata "mpaka usawa wa ardhi, pasafi kabisa". Kisiki mtakichoma kwa matairi na oili chafu, halafu umwage zege la kuegesha gari. Unauliza itagharimu kiasi gani na kama zege litakaa. Mimi wimbo huo niliimbiwa hapa Nyegezi, na aliyeniimbia alikuwa anatabasamu.

Shina refu ndilo mpini wako. Liache lifike kifuani au lizidi hapo. Punguza matawi tu. Chimba mfereji kuzunguka, kama nusu mita hadi mita moja kutoka kwenye shina, kata mizizi ya pembeni kwa shoka (msumeno ukigusa udongo na changarawe, mnyororo umekwisha), funga kamba juu kabisa, vijana waliyumbishe huku na huku mpaka mzizi wa chini uachie. Ukikata chini, mpini umeutupa mwenyewe na umelipia kuutupa.

Fundi wangu alikata chini, akapokea hela, akapanda bodaboda na msumeno wake. Nikabaki na sururu. Na ardhi ya huku mnaijua: udongo kidogo, halafu jiwe. Mizizi inatambaa juu ya jiwe na kujipenyeza kwenye nyufa, hakuna pa kushika. Nikampigia. "Choma tu bosi, usiku mmoja kinakuwa majivu."

Kisiki kibichi kimejaa maji, hakiwaki. Kilifuka moshi mweusi mpaka mama wa jirani akaanua nguo zake huku ananitazama bila kusema neno, na afadhali angesema. Nikaongeza tairi. Usiku tukasikia mlio, nikadhani kuna mtu kapiga geti. Lilikuwa jiwe.

Sasa hapa ndipo ninapojiuma vidole. Nani Mwanza hajui kwamba wapasua kokoto wanapasua miamba kwa moto? Upande uliopata joto unatanuka, ule wa baridi hautanuki, jiwe linabanduka. Nimepita kwenye machimbo hayo tangu shule ya msingi, nimeona matairi yakiwaka juu ya mawe, na bado niliwasha moto kwenye jiwe lililobeba ukuta wangu. Ufa ulipanda kutoka msingi hadi juu. Bomba la maji la plastiki lililopita pale likayeyuka. Upande mzima wa ukuta ukabomolewa na kujengwa upya, na hela ile ingelipa vibarua wa kung'oa visiki vya mtaa mzima.

Kisiki chenyewe? Kiliungua ngozi tu. Mvua zilipoanza kikachipua majani mabichi, yanang'aa. Mti unaotibu watu wote hao, wewe unadhani utaugua kwa tairi la Noah?

Nilipomwita fundi aje aone, akakuna kichwa: "Bosi, mimi nilikata mti. Jiwe si langu." Fundi maiko wa daraja la kwanza. Anajua kabisa kwamba kukata chini ni kazi ya muda mfupi na kuchimba ndiko kwenye jasho, kwa hiyo anakuuzia rahisi yake na kukuachia ngumu yako.

Na wewe uliyemshauri hapa amwage gunia la chumvi kwenye kisiki, tuonee huruma. Pale ni ukutani. Chumvi inakula nondo, na bustani hataiona tena.

Ukiweza subiri udongo ulowe na masika ya Machi, sururu inazama vizuri. Siku ya kuvuta, watoto wawe ndani, mtu asisimame usawa wa kamba, na usiifunge kwenye bampa la gari, utaondoka na bampa.

Kama umechelewa na ameshakata, basi kila chipukizi likitokea livunje likiwa dogo, usiliache lipate majani, kisiki kitachoka chenyewe polepole. Lakini kwanza piga simu. Akikuambia yuko njiani, mwulize kabeba sururu na mtaimbo au kabeba msumeno peke yake, halafu rudi hapa utuambie kajibu nini.