Wasomaji wanauliza: Picha ya babu na treni, ni Tsavo ya 1898 kweli?

SWALI: Habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa Voi. Kwenye grupu yetu ya familia ya WhatsApp imetumwa picha ya zamani ya treni, imeandikwa "Tsavo 1898, wajenzi wa reli waliookoka simba". Wanaume sita wamesimama mbele ya kichwa cha treni, na shangazi anaapa mmoja wao ni babu yetu aliyefanya kazi reli, alikuwa wa kuangalia moto wa injini. Babu alifariki 1994. Kichwa chenyewe ni kirefu ajabu, kina tangi mbele na jingine nyuma, na ubavuni naona namba inayoanza na 59. Nimeitafuta intaneti nimeikuta sehemu nyingi na kote maneno ni hayohayo ya 1898. Tuamini?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo si ya 1898, lakini tafadhali usiifute, nakuja kwa nini.

Anza na hesabu ya umri tu. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 18 Tsavo mwaka 1898 angekuwa na miaka 114 mwaka 1994. Halafu hicho kichwa ulichokieleza, tangi mbele, tangi nyuma, boila katikati limebebwa juu ya fremu mbili za magurudumu ili kiweze kupinda kwenye kona, hicho ni Garratt, na huyo Herbert William Garratt aliandikisha ubunifu wake 1907, kwa hiyo 1898 kitu kama hicho hakikuwepo popote duniani. Kwetu vilianza kufika 1926. Na hiyo 59 ndo inamaliza kesi, manake reli ya Afrika Mashariki namba mbili za kwanza zilikuwa zinataja aina ya kichwa, na aina ya 59 vilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock, vikaja kuanzia 1955, jumla 34, vikubwa vizito vya zaidi ya tani 250, vilikuwa vinachoma mafuta, na kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yaani vinapita hapohapo kwenu Voi na Tsavo! Kimoja, Mount Gelai namba 5918, kipo makumbusho ya reli Nairobi, mpeleke shangazi akakione kwa macho yake.

Sasa umeona kwa nini nimesema usiifute? Kapsheni ndo ya uongo, shangazi anaweza kuwa mkweli kabisa. Babu aliyefariki 1994 anaweza vizuri sana kuwa alikuwa kazini miaka ya 50 na 60. Mtu fulani aliikuta picha ya treni na Waafrika akaibandika hadithi ya simba kwa sababu hiyo ndo inasomwa, wengine wakakopi, na hapo babu yenu akapoteza miaka yake ya kazi akapewa ya watu wengine. Mimi jambo hili linaniuma kweli.

Simba wenyewe ni habari ya kweli, waliwasumbua wajenzi wa daraja la Tsavo kuanzia Machi mpaka Desemba 1898 hadi Patterson, injinia Mwingereza aliyesimamia daraja hilo, alipowapiga risasi wote wawili, na 1924 ngozi ziliuzwa kwa makumbusho ya Field kule Chicago, bado wako huko. Ni madume yasiyo na manyoya shingoni, kwa hiyo ukiletewa picha ya simba mwenye manyoya mengi ukaambiwa ni wa Tsavo 1898, kataa.

Siku nyingine ukipata picha ya reli usianze na kapsheni, anza na herufi kwenye mabehewa na vichwa. UR ni Uganda Railway, kabla ya 1926. KUR, yaani Kenya and Uganda Railway, ni baada ya hapo, na EAR&H, yaani East African Railways and Harbours, haiwezi kuwa kabla ya 1948. Herufi zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo ujue aliyeskani aliweka negativu upande siyo, na hapo kushoto na kulia kote usikuamini.

Ukitaka zile za ujenzi wenyewe, 1896 kutoka Mombasa mpaka Kisumu Desemba 1901, ingia kwenye mkusanyiko wa Winterton wa chuo kikuu cha Northwestern, au nyaraka za taifa za Uingereza, faili za CO 1069. Mimi napenda zile za bonde la ufa, pale ambapo njia ya kudumu ilikuwa haijaisha wakawa wanashusha mabehewa kwa kamba za chuma mteremko mkali kweli, behewa limewekwa juu ya jukwaa la magurudumu ili likae sawa lisilale. Kuza picha polepole uangalie watu wa pembeni. India peke yake walitoka wafanyakazi kama 32,000 na waliokufa wanakaribia 2,500, na kwenye albamu za wakati ule injinia Mzungu ameandikwa jina, wao wameandikwa "vibarua" basi. Ninyi mna bahati, shangazi yupo. Muulizeni hao watano wengine ni nani, andikeni majina wiki hii, na picha muirudishe kwenye grupu na kapsheni mpya.

SWALI: Niko Tanga, natafuta picha za reli yetu ya zamani lakini nikiandika "reli ya Tanga" napata za juzi tu. Nifanyeje?

JIBU: Iandike kama Wajerumani walivyoiandika. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na kwao ni Usambarabahn, Moshi ni Moschi, Dar ni Daressalam, nchi nzima ni Deutsch-Ostafrika. Nenda Wikimedia Commons, ghala la picha za bure mtandaoni, utafute "Bild 105-DOA", hizo ni za Walther Dobbertin aliyekuwa mpiga picha Dar, nyaraka za taifa za Ujerumani zilizitoa kwa umma 2008 na unaruhusiwa kuzitumia ukitaja zilikotoka. Kapsheni zao ni za enzi hizo na zina lugha ya kikoloni, usizikopi hivyohivyo. Ukikosa, jaribu jina la stesheni moja moja, Korogwe reli ilifika 1902 na Moshi 1911, kwa hiyo picha ya treni Moshi iliyoandikwa 1905 ina kasoro tayari.