Buni, kahawa na mbuni: maswali yenu

Safari hii barua nyingi zimeangukia neno moja fupi, buni, yaani punje za kahawa kabla hazijawa kinywaji, na hapa Moshi ndipo mahali pake.

Buni ni Kiswahili au Kichagga? (Marangu)

Ni Kiswahili, kutoka Kiarabu: bunn. Waamhara husema bunna, Waoromo buna, Wasomali bun. Kahawa ya arabika mnayoilima chini ya migomba asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, na jina hilo linasikika pande zote mbili za Bahari ya Shamu. Huko mlimani Kilimanjaro mmea ni mgeni. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliupanda mwishoni mwa karne ya 19.

Basi “kahawa” imetoka wapi? (Majengo)

Kwa Waarabu pia: qahwa, neno ambalo zamani washairi wao walilitumia kwa mvinyo. Waturuki wakasema kahve, Waitalia caffè, Waholanzi koffie. Wapo wanaolihusisha na jimbo la Kaffa, Ethiopia. Mimi sishawishiki, maana Waethiopia wenyewe huiita buna.

Kinachonifurahisha zaidi ni huu mgawanyo wa Waarabu: iliyo guniani ni bunn, iliyo kikombeni ni qahwa. Wazungu walichukua neno la kikombeni tu, wakalitumia kwa yote. Kiswahili kimerithi yote mawili. Ndiyo maana huniuma kusikia vijana wetu wakisema “mbegu za kahawa” hata kwa zile zinazokaangwa, ilhali buni lipo na ni letu. Lakini mkulima akikuambia ameuza buni, kwa maana ya matunda aliyoyakausha na ganda lake bila kuyamenya, mwelewe. Neno hilo lina bei yake sokoni.

Mbuni ni mti au ndege? (Njiro, Arusha)

Vyote, na mtu pia! Tazama ngeli: mbuni huu, mibuni hii ni mti wa kahawa, mbuni huyu, wabuni hawa ni watu wanaobuni, mbuni huyu, mbuni hawa ni ndege.

Ni kweli Waingereza walipata “bean” kutoka bunn? (Himo)

Hapana. Wajerumani wana Bohne, Waholanzi boon, yote kwa maana ya maharage, na maneno hayo ni ya kale kuliko kahawa huko Ulaya.

Na rangi ya kahawia? (Machame)

Ndiyo, ni kahawa. Waturuki nao husema kahverengi, rangi ya kahawa. Waarabu wamelichukua lile la guniani: bunni.