Vimulimuli vya Mto Selangor

SWALI: Mwanangu anasoma Kuala Lumpur. Nikienda kumtembelea anataka tupande mtumbwi usiku huko Kuala Selangor, tukatazame vimulimuli. Mimi maji ya usiku nayaogopa, na vimulimuli mbona hata kwetu vipo? – Mama Salma, Muheza

JIBU: Vipo, Mama Salma, lakini vya shambani kwako kila kimoja huwaka kivyake. Vya Mto Selangor hujazana kwenye miti ya ukingoni, na madume huwaka na kuzima kwa pamoja, karibu mara tatu kwa sekunde, yakiita majike. Mti wanaoupenda huitwa berembang, ndugu wa mlilana wa mikokoni kwetu. Vikiwa bado lava, yaani mabuu, hula konokono wa kwenye majimaji, kwa hiyo kingo za mto zikifyekwa, navyo hupotea.

Kuhusu woga: kwenye kijiji cha Kampung Kuantan, huko huko Kuala Selangor, mtumbwi hupigwa kasia na mwenyeji, hauna injini, na mto pale umetulia. Dai jaketi okozi lako kabla hujakaa, usione haya. Mimi kilichonisumbua ni mbu tu; vaa mikono mirefu.

Mwambie kijana aangalie kalenda. Mbalamwezi ikiwa kali hamtaona vizuri, na mvua ikinyesha ni heri mle chakula cha jioni kwanza, msubiri. Simu izimwe. Kuna watu humulika tochi za simu kwenye miti halafu wanalalamika hawakuona kitu! Picha zenyewe hutoka nyeusi tii, kwa hiyo hukosi lolote.