Sistimu ipo, watu hawaandiki: maswali yenu wiki hii

Ofisi yetu ilifunga sistimu ya kuhifadhi ujuzi wa kazi, mwaka unakatika iko tupu, bosi anasema sisi wavivu. Ni kweli? (Dodoma)

Hapana ndugu yangu, sio uvivu. Mtu ana kazi zake kutwa nzima halafu anaambiwa aandike na anachojua, saa ngapi sasa? Angalieni Xerox, wale wa mashine za fotokopi. Miaka ya 80 mwanaanthropolojia (mtafiti wa namna watu wanavyoishi na kufanya kazi) Julian Orr aliwafuata mafundi wao kazini akakuta vitabu vya maelekezo haviwatoshi, wanajifunza wakikaa kula pamoja na kusimuliana, ile mashine ilinisumbua hivi nikafanya hivi. Baadae ndo ikaja programu ya Eureka, ilianzia Ufaransa miaka ya 90, fundi anaandika mbinu yake, wenzake wanaikagua, ikipita inaenda kwa wote na jina lake linabaki pale pale. Yaani stori zilikuwepo kwanza, kompyuta ikaja kuzibeba. Nyie mmeanzia mwisho. Mwambieni bosi atenge muda ndani ya saa za kazi, muanze na yale maswali yanayoulizwa kila siku, na aliyejibu jina lake lionekane.

Fundi wetu wa pampu za maji anafikisha 60 mwakani anastaafu, ramani ya mabomba yote iko kichwani mwake. Tumrekodi video? (Mwanza)

Mrekodini, ila video peke yake haitoshi kabisa. Mzee kama huyo ukimwambia "tueleze unachojua" atasema machache, sio kwamba anaficha, mengine yako mikononi na masikioni, anasikia pampu inavyolia tu anajua beringi imechoka. Mpeni vijana wawili watembee nae kuanzia sasa hivi, na miezi ya mwisho wao ndo washike spana yeye asimamie. Kila anaposema "hapana, sio hivyo" mumuulize kwa nini, na jibu lake mlirekodi kwa simu, hicho ndicho mnachokitafuta. Valvu zilizofukiwa mchukue lokesheni zake kwa GPS, hapo teknolojia inamshinda mtu yeyote. Na akishastaafu mkamwita, mlipeni jamani!

Kila kitu chetu kiko kwa grupu ya WhatsApp, kuna ubaya? (Mombasa)

Kuulizana hapo ni sawa, ndipo watu walipo. Shida ni kutunza, mtu akitoka kazini anaondoka na simu yake, na anayeajiriwa leo hajui mwaka jana mlisemezana nini. Chagueni mmoja, kila Ijumaa akusanye majibu yaliyosaidia ayaweke kwenye dokumenti moja ya ofisi. Taarifa za wateja msirushe huko, Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019.

Tukiweka AI ya kujibu maswali ya wafanyakazi bado tunahitaji hayo yote? (Arusha)

Ndio, tena zaidi. Inajibu kwa mlichoiwekea, waraka uliobatilishwa zamani ukiwa bado umo itawajibu kwa huo huo na kwa kujiamini kabisa. Kila waraka uwe na mwenyewe anayejulikana, wa kuuhakiki na kuutoa ukipitwa na wakati.