Mafundi Wanajibu: Kondensa ya moto, mafuta meusi na vali iliyofungwa waya

*Assalaam alaykum. Tunakeneka mafuta ya makonyo (vijiti vya vishada) ya karafuu. Msimu uliopita maji na mafuta yalitoka kwenye kondensa, yaani chombo kinachopoza mvuke, yakiwa vuguvugu. Sasa yanatoka ya moto hasa, mvuke unafuka mdomoni mwa bomba na chumba kizima kinanukia. Fundi anasema kondensa imekufa, tununue nyengine. Tufanyeje? (Msomaji, Wete)*

Waalaykum salaam. Msinunue kitu bado. Harufu hiyo ni mafuta yenu yanayopotea hewani, kwa hiyo haraka ipo. Lakini kondensa haina kitu kinachozunguka wala kusagika. Ikizorota, mara nyingi ni moja kati ya haya: maji ya kupoza hayatoshi, mvuke umezidi, au chokaa imeganda kwenye mabomba. Kila moja ina alama yake, na vifaa vya kuitambua ni kipimajoto, saa na ndoo ya lita 20.

Anzeni na hesabu. Kila lita inayotoka kwenye kondensa inataka kama lita 30 za maji ya kupoza, ikiwa maji hayo yanaingia na nyuzi 28 na kutoka na nyuzi 48. Mtambo unaotoa lita 50 kwa saa basi unahitaji lita 1,500 kwa saa, yaani lita 25 kwa dakika. Kingeni maji ya kupoza pale yanapotoka: ndoo ijae kwa sekunde 48 hivi. Halafu tieni kipimajoto ndani ya ndoo hiyo.

Ndoo ikichukua dakika mbili na maji yakawa hayashikiki kwa mkono, kondensa ni nzima na tatizo ni maji. Fungueni chujio cha pampu, tazameni koki zilizofungwa nusu na kina cha tangi la juu. Ndoo ikijaa kwa wakati wake lakini maji yana nyuzi 60, mvuke unaoingia ni wa lita 80 kwa saa badala ya 50; mtu kaongeza moto ili amalize mapema. Punguzeni koki ya mvuke. Na ndoo ikijaa kwa wakati wake, maji yakatoka na nyuzi 35 tu huku mvuke bado unafuka, basi joto halipiti ukuta wa bomba. Hapo ndipo kuna chokaa. Kabla ya kuisafisha, hakikisheni maji ya kupoza yanaingia chini na kutoka juu. Baada ya matengenezo mabomba haya hubadilishwa bila mtu kujua, na kondensa ikabaki na hewa juu, nusu yake haifanyi kazi.

Chokaa kwetu si ajabu. Visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa iliyoyeyuka. Yakipata joto, gesi inayoifanya iyeyuke hutoka na chokaa huganda, kama ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ndiyo maana huanza upande mvuke unapoingia, penye joto kali zaidi. Shikeni kondensa kwa nje mtambo ukiwa umepoa, mgonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: penye chokaa nene mlio huwa mzito, penye uwazi hulia.

Kuisafisha: tieni kilo 5 za asidi ya sitriki katika lita 100 za maji ya nyuzi 50 hadi 60, muizungushe upande wa maji ya kupoza kwa pampu ndogo, kutoka chini kwenda juu, kwa saa mbili au tatu. Mdomo wa juu uachwe wazi, kwani chokaa ikiyeyuka hutoa gesi, na mlango wa chumba pia uwe wazi. Povu likikoma, pimeni kwa karatasi ya pH, inayoonesha ukali wa asidi. Ikiwa chini ya 4, asidi bado ina nguvu, kwa hiyo chokaa imekwisha. Ikiwa imepanda juu ya hapo, asidi ndiyo iliyokwisha, ongezeni kilo mbili muendelee. Suuzeni, kisha pitisheni maji yenye kilo moja ya magadi ya kupikia kwa lita 100, msuuze tena. Asidi ya betri msiiguse: ikikutana na chokaa hufanya jasi isiyoyeyuka, nayo ni ngumu kuitoa kuliko chokaa yenyewe. Asidi ya chumvi nayo hula chuma cha pua.

Mkishapoza vizuri, maji yanayotengana na mafuta msiyamwage. Kila lita ya maji hayo hubeba kiasi cha gramu 2 za mafuta yaliyoyeyuka, kwa hiyo lita 1,000 ni kama kilo 2. Yarudisheni kwenye tangi la makonyo. Kwenye boila kamwe msiyatie, maana mafuta huyafanya maji ya boila yatoe povu na kupanda pamoja na mvuke.

*Mafuta yetu ya majani ya karafuu yanatoka ya manjano, lakini baada ya siku chache kwenye pipa huwa meusi yenye zambarau. Wanunuzi wanakataa. (Msomaji, Chake Chake)*

Ni chuma. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikigusa chuma chenye kutu hubadilika rangi hivyo. Kingeni chupa tatu za kioo: moja mdomoni mwa kondensa, moja kwenye kitenganishi cha mafuta na maji, moja kwenye pipa, muziache siku tatu. Yenye kusawijika ndiyo inayoonesha kutu iko wapi. Hifadhini kwenye kioo au chuma cha pua, na gasketi ziwe za tefloni, kwani mpira wa kawaida huvimba.

Yaliyokwisha kusawijika yanaweza kuokolewa. Jaribuni kwanza mililita 100: tieni nusu gramu ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika mililita 50 za maji vuguvugu, tikiseni, acheni usiku mmoja. Mafuta hukaa chini.

*Vali ya usalama ya boila letu ilikuwa inavuja geji ya mgandamizo ikisoma bar 4, ingawa imeandikwa ifunguke kwenye 6. Tumeifunga kwa waya tuendelee na kazi. Ni sawa? (Msomaji, Mkoani)*

Hapana. Ndugu zetu, zimeni moto leo, acheni geji ishuke hadi sifuri yenyewe, kisha fungueni waya huo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaa zaidi ya lita 1,600, na boila likipasuka hakuna anayepata nafasi ya kukimbia.

Halafu pimeni kwa geji nyengine mnayoiamini. Huenda geji ndiyo iliyoharibika, na ile 4 ni 6 kweli. Ikiwa hivyo, vali ilikuwa ikifanya kazi yake. Geji ikiwa sahihi, washeni bila waya, na mgandamizo ukifika 4 vuteni wenzo wa vali kwa sekunde chache, mkisimama pembeni, ili mvuke usukume uchafu uliokaa kwenye kiti cha vali, pale inapojifunga. Ikiendelea kuvuja, zimeni na nunueni vali mpya ya bar 6 yenye uwezo uleule wa kutoa mvuke. Springi ya zamani msiikaze wala kuitia washa.